Chora Ramani, Mashine Itembee: Mara ya Kwanza na GraphWalker, AltWalker na Akili Mnemba

Hii si kazi ya kujaribu programu kama tulivyoizoea! Nimeitazama mashine ikiingia kwenye programu ya kutuma pesa, ikikosea namba ya siri kwa makusudi, ikifunga ukurasa, ikifungua upya, ikitazama salio, ikighairi muamala katikati, ikirudi tena, halafu ikasimama ghafla na kutoa ripoti: hapa programu imefanya jambo ambalo ramani inasema haliwezekani. Njia ile hakuna aliyeiandika. Hakuna mtu aliyekaa akawaza kwamba mteja akikosea mara mbili, akafunga, akafungua, akakosea tena, kutatokea nini. Kilichokuwapo ni mchoro wa nukta 7 na mishale 15, na mashine ikaambiwa itembee.

Nieleze vifaa kwanza, maana vyote unaweza kuvipata leo bila kulipa hata shilingi. GraphWalker, programu huria yenye asili ya Sweden, ndiyo inayosoma mchoro na kuamua hatua inayofuata. AltWalker, kutoka kampuni ya Altom ya Romania, inauunganisha mchoro huo na msimbo wako wa Python au C#. Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo mikono: inabonyeza vitufe na kujaza fomu ndani ya Chromium, Firefox au WebKit. Wa nne ni msaidizi wa akili mnemba, yeyote unayemtumia, anayekaa pembeni akikusaidia kuchora na kuandika. Kila kimoja peke yake ni kizuri. Vikiwekwa pamoja, jamani, ni kitu kingine kabisa!

Tazama tulikotoka. Selenium ilipoanza mwaka 2004 ndani ya kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, ilikuwa ukombozi: kivinjari kinajiendesha chenyewe, mjaribu anapumua. Lakini namna ya kufikiri haikubadilika. Jaribio lilibaki kuwa mstari mmoja ulionyooka. Fungua ukurasa, ingiza namba ya siri, chagua kutuma, jaza namba, thibitisha, angalia risiti. Kisha mstari mwingine, halafu mwingine, hadi unakuwa na mamia ya mistari inayofanana nusu yake. Siku kitufe cha "Tuma" kinapohamishwa, mistari mingi inaanguka kwa pamoja na wiki nzima inaishia kwenye ukarabati. Tena huo ndio usumbufu mdogo. Mkubwa ni kwamba mstari hupita pale tu mwandishi wake alipopita kwa mawazo, na hitilafu zinazoumiza watu hukaa pale ambapo hakuna aliyepawaza.

Modeli, yaani ule mchoro wa nukta na mishale, inaugeuza mpango huo wote. Huandiki tena safari. Unachora mahali ambapo programu inaweza kuwa, na njia zote halali za kutoka mahali hapo kwenda pengine. Msomaji wa Kiswahili hahitaji darasa refu kuelewa hili, kwa sababu yumo ndani yake kila siku. Piga *150*00# ukiwa Tanzania na laini ya Vodacom: menyu inatokea, unachagua namba, menyu nyingine inatokea, unaweka namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Kila skrini ni hali. Kila namba unayobonyeza ni mpito wa kutoka hali moja kwenda nyingine. Mfumo wote wa pesa kwa simu, tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, ni grafu ambayo mamilioni ya watu wanaijua kwa vidole vyao.

Na grafu, hisabati inazijua kwa undani! Mwaka 1736 Leonhard Euler alijiuliza kama mtu anaweza kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, akathibitisha kwamba haiwezekani. Mwaka 1960 mwanahisabati wa China, Guan Meigu, akauliza swali la mtu wa posta: apite vipi kila mtaa walau mara moja na kurudi alikoanzia kwa mwendo mfupi kuliko yote? Badilisha mitaa kwa mishale ya programu yako na hilo ndilo swali la mjaribu. Mwaka 1978 Tsun Chow alichapisha njia ya kutengeneza majaribio kutokana na mashine za hali. Yaani nadharia ilikuwa tayari kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kilichokosekana ni wepesi wa kuitumia, na huo ndio uliofika sasa.

Kuanza ni kwepesi kiasi cha kushangaza. Unahitaji Java kwa ajili ya GraphWalker, na Python kwa ajili ya AltWalker. Unaisakinisha AltWalker kwa pip, unaandika amri ya altwalker init, na folda ya mradi inajitengeneza yenyewe ikiwa na sehemu mbili: moja ya modeli, nyingine ya majaribio. Ukipenda kuchora kwa macho badala ya kuandika faili ya JSON, GraphWalker ina studio yake inayofunguka ndani ya kivinjari: unaweka nukta, unavuta mshale, unaandika jina, basi. Kwa desturi nukta huanza na v_ na mishale huanza na e_. Majina mengine yote ni yako.

Hapo ndipo furaha yangu ilipozidi. Majina yote niliyaandika kwa Kiswahili! v_namba_ya_siri, v_menyu, v_salio, v_tuma, v_thibitisha, v_risiti, v_imefungwa. Mishale nayo: e_pin_sahihi, e_pin_mbovu, e_chagua_kutuma, e_jaza_namba_na_kiasi, e_ghairi, e_toka. Python inayakubali bila shida, kwani majina haya hayana alama za kuisumbua. Matokeo yake ni mchoro ambao meneja wa biashara, mhasibu, hata wakala wa pesa anaweza kuusoma na kusema: hapana, hapa mmekosea, mteja akighairi baada ya kuweka kiasi harudi kwenye menyu, anarudi nyuma hatua moja. Mazungumzo ya namna hiyo yana thamani hata kabla mashine haijatembea hatua moja. Mikutano mingapi ya mahitaji ya mfumo imekwisha kila mtu akiwa na picha yake kichwani? Hapa picha ni moja, iko ukutani, na ndiyo hiyo hiyo itakayoendesha majaribio.

Lakini mchoro mtupu hautoshi, na GraphWalker inalijua hilo. Mshale unaweza kuwekewa sharti na kitendo. Programu yangu ya mazoezi, ambayo msaidizi wa akili mnemba ndiye aliyeniandikia yote, ilitakiwa kufunga akaunti mteja akikosea namba ya siri mara tatu. Basi ndani ya modeli kuna kigezo kinachoitwa makosa. Mshale wa e_pin_mbovu una sharti kwamba makosa yawe chini ya mawili, na kila unapopitwa huongeza moja. Makosa yakifika mawili, mshale huo unafungwa na mwingine unafunguka: e_pin_mbovu_ya_tatu, unaokwenda v_imefungwa. Namba sahihi ikiingia, hesabu inarudi sifuri. Maneno machache ya JavaScript, na mchoro umeanza kuwa na kumbukumbu. Sasa mashine inajua kwamba skrini hiyo hiyo ya namba ya siri ina maana tofauti kutegemea ulikotoka.

Ushauri wa haraka kwa anayeanza: nukta yoyote isiyo na njia ya kutokea itaikwamisha safari. Ndiyo maana nilichora mshale wa e_fungua_akaunti kutoka v_imefungwa, unaofanya kazi ambayo kwa kawaida ingefanywa na huduma kwa wateja. Amri ya altwalker check inapitia modeli kabla hujaanza. Itumie.

Sasa msaidizi. Nilimpa maelezo ya programu kwa Kiswahili cha kawaida, aya chache kama ambavyo mtu angemweleza mfanyakazi mpya, nikamwomba rasimu ya modeli kwa muundo wa GraphWalker. Ilirudi ikiwa imekamilika kiasi cha kuendeshwa. Lakini rasimu si kitu kilichonifurahisha zaidi. Kilichonifurahisha ni pale nilipomuuliza: katika kila nukta, ni jambo gani linaweza kutokea ambalo sijalichora? Maswali yakamiminika. Mteja akitazama skrini ya kuthibitisha hadi muda wake uishe, anapelekwa wapi? Akibonyeza "Thibitisha" mara mbili kwa haraka? Akituma kiasi kinachozidi salio kwa sababu ya makato tu? Akijitumia mwenyewe? Akifunga programu akiwa kwenye skrini ya namba ya siri, kisha akaifungua upya? Lile la mwisho ndilo lililozaa mshale wa e_funga_na_fungua_upya, mduara mdogo unaotoka kwenye nukta ya namba ya siri na kurudi pale pale, bila kugusa hesabu ya makosa. Mdomo ulinikauka kwa mshangao! Mshale mmoja mdogo, na ndio ulioleta samaki mkubwa.

Baada ya mchoro, msimbo. Kila nukta na kila mshale hudai kipande chake cha Python chenye jina lile lile. Amri ya altwalker generate inakutengenezea vipande vitupu, na altwalker verify inakuambia kipi kimesahaulika. Kujaza vipande hivyo zamani kulikuwa ndiko kunakochosha: utafute kitufe kiko wapi kwenye ukurasa, kina jina gani, kinasubiri nini. Sasa msaidizi anaweza kuunganishwa na Playwright kupitia MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, akaufungua ukurasa mwenyewe na kuusoma. Tena hausomi kwa kubahatisha kutoka kwenye picha. Anasoma ule mti wa ufikivu ambao programu za kuwasomea skrini watu wasioona huutumia, wenye majina na kazi ya kila kitufe. Anaandika e_chagua_kutuma, anaijaribu, anaona imefanya kazi, anaendelea na nyingine. Ukurasa ulioandikwa vizuri kwa ajili ya wasioona unakuwa pia rahisi kujaribiwa. Ningependa kila msanidi programu wa kwetu alijue hilo.

Na hapa niseme jambo ninaloliamini kwa moyo wote, kwa sababu ndilo linaloitenganisha njia hii na kelele nyingi za akili mnemba. Ukimwambia msaidizi aitazame programu yako na kuiandikia majaribio bila modeli, atatazama programu inafanya nini, kisha ataandika kwamba hicho inachofanya ndicho sahihi. Ikiwa programu ina kasoro, kasoro hiyo inaingia kwenye jaribio kama matarajio. Kila kitu kitakuwa kijani na hakuna kitakachokuwa kimethibitishwa. Modeli inavunja mduara huo. Inatoka kwenye kile ambacho biashara inataka, si kwenye kile ambacho programu tayari inafanya, na msaidizi analazimika kujibu mbele yake.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni na ninaipendekeza bila kusita: mishale ni ya mashine, nukta ni zangu. Mshale ni swali la jinsi ya kufanya: bonyeza hapa, jaza pale. Hilo msaidizi aliandike, aliandike upya, alirekebishe kitufe kikihama, simdai ruhusa. Nukta ni swali la nini lazima kiwe kweli: kwenye v_imefungwa pasiwe na sehemu ya kuandika namba ya siri, kwenye v_salio kiasi kilingane na hesabu ya modeli hadi shilingi ya mwisho. Hayo nayasoma mwenyewe, neno kwa neno, na msaidizi hayagusi. Tangu toleo la 1.56 la Oktoba 2025, Playwright inakuja na mawakala watatu wa akili mnemba: mmoja anapanga, mwingine anaandika majaribio, wa tatu anaendesha jaribio lililofeli na kulirekebisha. Ni kazi nzuri sana. Lakini huyo wa tatu anahitaji mpaka, maana jaribio likifeli kwa sababu programu imeharibika, kulirekebisha jaribio ni kuificha hitilafu. Mgawanyo wa nukta na mishale unaleta mpaka huo bila mabishano.

Basi tukaendesha. Amri ni altwalker online, unaonyesha folda ya majaribio, faili ya modeli, na maneno haya: random(edge_coverage(100)). Maana yake: tembea kwa kubahatisha hadi kila mshale umepitwa. Kivinjari kinafunguka na tamasha linaanza. Usiiendeshe kwa siri mara ya kwanza, iache ionekane! Inaingia, inatoka, inatuma, inaghairi, na kwenye terminali majina ya Kiswahili yanashuka moja baada ya jingine yakionyesha ilipo. Mwisho wa safari ripoti inasema mishale yote imepitwa, hakuna kilichoanguka.

Wengi wangeishia hapo wakifurahia. Usiishie hapo. Kupita kila mshale si sawa na kupita kila mfuatano wa mishale, na kasoro nyingi nzito zinakaa kwenye mfuatano. Badilisha kigezo cha kusimama kiwe time_duration(1800), yaani nusu saa nzima ya kutembea, na mashine itaanza kuunganisha mambo ambayo mtu mwenye haraka hayaunganishi. Hapo ndipo ilipotokea. Namba ya siri mbovu. Mbovu tena. Funga, fungua upya. Mbovu ya tatu. Modeli ikasema: lazima tuwe v_imefungwa. Programu ikasema: namba si sahihi, umebakiza nafasi mbili.

Elewa uzito wake! Hesabu ya makosa ilikuwa inatunzwa kwenye kumbukumbu ya ukurasa badala ya kwenye seva. Mwizi aliyeokota simu angeweza kujaribu mara mbili, kufunga, kufungua, kujaribu mara mbili, hadi apate. Ulinzi wote wa mara tatu ulikuwa pambo. Na jaribio la kawaida la "kosea mara tatu, akaunti ifungwe" lingepita vizuri kila siku, kwa sababu nani anaandika jaribio la kukosea mara mbili na nusu? Ripoti ya AltWalker ikatunza njia nzima, hatua kwa hatua, na amri ya altwalker walk ikairudia njia ile ile bila kubahatisha. Msaidizi akaisoma, akaondoa hatua zisizohusika, akaniachia hatua chache zilizotosha kuionyesha hitilafu. Mhandisi yeyote akipewa ripoti ya namna hiyo hana la kuuliza zaidi.

Usidhani hili ni la programu ndogo za mazoezi tu. Koen Claessen na John Hughes, wakiwa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Sweden, walichapisha QuickCheck mwaka 2000, kifaa kinachotengeneza majaribio chenyewe kutokana na kanuni unazoandika, kisha kinalipunguza jaribio lililofeli hadi libaki fupi kuliko yote. Baadaye kilielekezwa kwenye LevelDB, hifadhidata ya Google, kwa kutumia modeli ya hali. Kikaleta mfuatano wa hatua 17 unaoonyesha kasoro. Kasoro ikarekebishwa, kikaendeshwa tena, kikaleta mfuatano mwingine wa hatua 31. Hatua 31! Hakuna binadamu anayeandika hilo kwa mkono. Kama kwako Java ni mzigo na unataka Python peke yake, maktaba ya Hypothesis ina sehemu ya majaribio ya hali iliyorithi wazo hilo hilo, pamoja na uwezo wa kufupisha njia. Haina mchoro wa kubandika ukutani, na kwangu mchoro ni nusu ya thamani, lakini kwa kujaribu maktaba na huduma zisizo na skrini ni chaguo zuri sana.

Wapo pia wakubwa wa kulipia, kama Tosca ya Tricentis na Eggplant iliyonunuliwa na Keysight mwaka 2020. Benki na mashirika makubwa hununua huko, na wana sababu zao. Kwa mtu anayeanza, anzia kwenye programu huria.

Kuta zipo na nizitaje, kwa kuwa anayeanza akizigonga bila kuonywa anaweza kukata tamaa. Ukuta wa kwanza ni kuvimba kwa hali. Chukua swichi kumi tu za kuwasha na kuzima: ukichora kila mchanganyiko kama nukta yake, utapata nukta 1,024, na hakuna anayesoma mchoro huo. Dawa ni kutunza tofauti ndogo ndani ya vigezo, kama nilivyofanya na makosa na salio, na kugawa programu katika modeli ndogo zinazounganishwa kwa hali ambayo zinaichangia. GraphWalker ina mfano wake mzuri wa PetClinic, kliniki ya wanyama, ambapo kutafuta mmiliki, kusajili mmiliki mpya, taarifa za mmiliki na orodha ya madaktari ni modeli tofauti, na mashine inaruka kutoka moja hadi nyingine. Usome mfano huo kabla hujachora wako. Unafundisha kuliko maelezo yoyote.

Ukuta wa pili ni usafi wa data. Mashine ikitembea nusu saa ikituma pesa, salio litaisha. Ama modeli ijue salio na kufunga mshale wa kutuma linapopungua, ama uwe na njia ya kuirudisha programu mwanzo. Nilichagua ya kwanza, na kwa kufanya hivyo nukta ya v_salio ikawa mkaguzi wa hesabu: kila mashine inapopita hapo, inalinganisha kiasi kilichoandikwa kwenye skrini na kile ambacho modeli imehesabu, makato yakiwemo. Ukaguzi wa bure, tena unaotokea mahali tofauti kila safari.

Ukuta wa tatu ni msaidizi mwenyewe kujiamini kupita kiasi. Wakati mwingine huchora mshale ambao biashara haiutaki, kwa sababu programu nyingi duniani zinao. Ukae na mwenye bidhaa, mpitie mchoro pamoja, mfute mishale isiyotakiwa. Dakika mnazotumia hapo ndizo zenye faida kubwa katika kazi yote.

Jambo moja zaidi ambalo wasomaji wa kwetu watalithamini: kutembea hakuhitaji intaneti. Msaidizi ndiye anayekula data, wakati wa kuchora na kuandika. Modeli ikishakaa sawa na vipande vya Python vikishaandikwa, GraphWalker, AltWalker na Playwright vyote viko kwenye kompyuta yako, vinajaribu programu iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kifurushi kimeisha saa mbili usiku? Mashine inaendelea hadi asubuhi. Kwa timu ndogo ya Arusha, Kisumu au Bujumbura inayoandika programu za duka, za shule, za vikoba, hii ni nguvu ambayo zamani ilikuwa ya kampuni zenye idara nzima ya wajaribu.

Na wajaribu wenyewe? Nimeisikia hofu kwamba akili mnemba itawaondoa. Nilichokiona kinasema vingine. Kazi iliyonyakuliwa ni ile ya kuandika mistari inayofanana na kukarabati vitufe vilivyohama. Kazi iliyobaki, na iliyopanda hadhi, ni kujua programu inapaswa kuwa vipi na kuisema kwa usahihi kiasi kwamba mashine inaweza kuishikilia. Mjaribu anayeweza kuchora mfumo wa mikopo wa chama cha akiba, na masharti yake yote, kwenye karatasi moja, anahitajika leo kuliko jana.

Hukumu yangu: kwa programu yoyote inayoshika pesa, afya au taarifa za watu, na yenye skrini zaidi ya chache, njia hii iingie kwenye mradi sasa hivi, pamoja na majaribio ya kawaida mliyo nayo. Leseni ya GraphWalker ni MIT, ya Playwright ni Apache 2.0, na ya AltWalker ni GPL toleo la 3, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa. Anza na ukurasa wa kuingia peke yake. Chora nukta tatu au nne kwa Kiswahili, weka sharti la mara tatu, ongeza mshale wa kufunga na kufungua upya, kisha iache itembee nusu saa kwenye programu unayoitegemea. Ikisimama njiani, mpelekee mwenye programu njia ile kabla mtu mwingine hajaigundua.